Mnyoo Huyu Alilala Wapi?

Haya ni maneno niliyowaambia wafugaji wenzangu wa samaki wa mapambo Jumamosi moja hapa Kisumu, chini ya hema la kukodi, mawingu yakijikusanya upande wa ziwa na kila mtu akitazama juu kabla ya kunitazama mimi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Machache niliyoyasahau kwa kuharakishwa na mvua nimeyatia humu.

Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, ndugu na dada, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, nimekuja na sahani. Mama mwenye leso ya kijani, naomba uipokee kisha uipitishe. Usiogope, hawaumi. Hao wekundu walioshikana kama uzi wa sufu uliolowa ni minyoo wa matope, tubifeksi. Chukua njiti ya kiberiti uwaguse pale katikati. Mmeona? Wote wamejikunja kwa pamoja, fundo zima limebana. Subiri kidogo. Sasa wanafunguka mmoja mmoja, mikia inaanza kupepea kama nyasi. Huko topeni wanakotoka, kichwa huzikwa chini kikila na mkia hubaki juu ukitafuta hewa. Haya, msogezee mwenzako anuse.

Ndiyo hiyo harufu. Nimewatoa leo alfajiri kwenye mtaro, mikono nimeivalisha glavu hadi kwenye viwiko. Mtaro gani sisemi, kwa maana nawajua: kesho mtakuwa huko na ndoo.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie minyoo ya kulisha samaki, alidhani nitakuja na orodha: huyu mzuri, huyu mbaya, asanteni, tuende tukanywe chai. Orodha ninayo kichwani, lakini kila nikiipanga inanivunjikia mkononi. Mnyoo ni mfuko mdogo unaotembea na kila alichokila. Nyungunyungu yule yule, akitoka chini ya mgomba wako ni chakula, akitoka kando ya gereji ni sumu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mnyoo fulani anafaa, mimi humrudishia swali: alilala wapi jana?

Swali hilo nililinunua kwa bei. Miaka saba iliyopita nilikuwa na matangi mawili sebuleni, huko Kaloleni. Kijana mmoja alikuwa akipita na kopo la rangi lililojaa minyoo kama hawa, kijiko shilingi hamsini. Samaki wangu waliwavamia kama watoto wa shule kengele ya saa saba ikilia. Mimi nikasimama hapo na kikombe cha chai, nafurahi. Siku ya nne gapi mmoja jike alijitenga kwenye kona ya juu, mapezi ameyabana. Siku ya sita wengine walikuwa na utando mweupe mdomoni. Nikabadilisha maji, nikatia chumvi, nikaita watu. Siku ya tisa, kati ya samaki thelathini na mmoja nilibaki na watatu, na mmoja wa hao watatu alikuwa anaogelea kwa ubavu.

Yule kijana simlaumu. Hakunidanganya hata neno moja, kwa sababu sikumwuliza hata neno moja. Nilipomfuata baadaye kumwuliza anawachota wapi, alinionyesha kwa kidole, bila haya yoyote, mahali ambapo bomba la maji taka lilikuwa limepasuka.

Tuanze basi na huo wekundu, kwa sababu ndio uliotuponza wengi. Tukiona chakula chekundu tunasema hicho kina damu, kina nguvu. Ni kweli kina himoglobini, kitu cha aina ile ile inayoifanya damu yetu iwe nyekundu na ibebe oksijeni. Lakini kiumbe mdogo wa topeni hujaa himoglobini kwa sababu anaishi mahali oksijeni ilipo haba. Na oksijeni huwa haba wapi? Penye uozo, maana bakteria wanaoozesha wameshaimaliza. Wekundu ule ni anwani. Mnyoo anakwambia mwenyewe kwao ni wapi, sisi tunasikia «nyama nzuri».

Tubifeksi hula tope lenyewe. Analimeza, anachukua humo bakteria na mabaki yaliyooza, linalobaki analitoa kwa nyuma. Tope likiwa na risasi iliyotoka kwa fundi wa betri, au kadimi, madini hayo humwingia mwilini na kukaa. Samaki wako anakula minyoo mia, na yale yaliyokuwa kidogo kidogo katika kila mmoja yanakutana tumboni mwake.

Tena kuna magonjwa yanayomhitaji mnyoo huyu ili yaishi. Nitawapa mfano mmoja, ingawa haumhusu samaki wa tangi lako. Trauti, wale samaki wa maji baridi ambao hapa Kenya wako kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare, wana ugonjwa unaowafanya wazunguke kama pia, wakifukuza mikia yao. Kimelea chake kinaitwa Myxobolus cerebralis, na hula gegedu la samaki mchanga mpaka uti wa mgongo unapinda. Ulionekana Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, ukafika Marekani katika miaka ya 1950, na kwa miongo mingi wataalamu walishindwa kuelewa unavyopita kutoka samaki mmoja hadi mwingine, kwa sababu ukimwekea mzima mgonjwa katika maji masafi, hapati kitu. Katika miaka ya 1980 ndipo ilipobainika: mbegu ya kimelea inaanguka topeni, inamezwa na tubifeksi, inabadilika umbo humo tumboni mwake, kisha inatoka kumtafuta samaki. Bila mnyoo hakuna ugonjwa. Kuna vimelea vingine vingi vya ukoo huo vinavyopita njia hiyo hiyo ya minyoo wa topeni, kila kimoja na samaki wake.

Najua kuna mzee hapa atasimama aniambie, «Mimi nawaosha». Mzee wangu, nimewaosha pia. Unawaweka kwenye bakuli, maji yanadondoka juu yao usiku na mchana, wafu wenye rangi ya kijivu unawaondoa, siku ya tatu au ya nne maji yanaacha kuwa na ukungu. Hapo umeosha nje, na tumbo limejimwaga sehemu kubwa. Lakini madini yaliyokwisha kuingia mwilini hayatoki kwa bomba, na kimelea kilichojificha ndani hakisikii maji. Tena kwa bei ya maji ya mfereji hapa mjini, hesabu siku nne za kudondosha uone kama si afadhali ungewanunulia samaki omena. Wale waliokaushwa kwa baridi, wanaouzwa kwenye vikopo kama vipande vya mraba, ni afadhali zaidi. Walowe kwanza wavimbe nje ya tumbo la samaki. Mimi siwanunui, lakini simgombezi anayewanunua.

Sasa yule mwekundu wa pili, anayeuzwa akiwa ameganda kwenye karatasi ya vijumba vijumba. Madukani anaitwa mnyoo wa damu. Si mnyoo. Ni mtoto wa mdudu, na mama yake mnamjua nyote. Jioni ukiwa Dunga, ukiona juu ya ziwa kitu kama moshi unaopanda na kuyumba, halafu upepo ukigeuka moshi huo ukakuingia machoni, puani na kwenye sufuria ya mama anayekaanga samaki, humo wamo mama zao. Hutaga mayai majini, watoto wanakaa topeni miezi au majuma, kisha wanapanda wote kwa mkupuo.

Huyu namsifu kuliko tubifeksi. Anaweza kuishi kwenye tope la maji taka, lakini anaweza pia kuishi kwenye tope la bwawa safi, na wale wa viwandani huwa wamegandishwa, na kuganda huua vimelea vingi, ingawa bakteria wengi hulala tu wakisubiri joto. Shida yetu hapa ni stima. Stima ikipotea saa nane mchana, friza la duka likayeyuka, ikarudi jioni likaganda upya, kile kijumba kinarudi kuwa barafu lakini ndani yake tayari ni uozo. Utakijuaje? Tazama kingo. Kijumba kizima kina pembe nne kali, na rangi yake ni sawa pande zote. Kilichoyeyuka kina mabega ya mviringo, na maji mekundu yamegandia pembeni ya karatasi.

Na nyumbani kwako fanya hivi. Chukua kikombe kidogo, kijaze maji, kigandishe, kisha weka sarafu ya shilingi moja juu ya barafu na ukiache humo frizani daima. Ukirudi kutoka safari ukaikuta sarafu juu, hakuna kilichotokea. Ukiikuta imezama katikati ya barafu, tupa kila kitu bila huruma. Dada yangu alinicheka nilipomwambia. Sasa hivi ana kikombe chake, kwa ajili ya nyama.

Kabla ya kulisha, yeyusha kijumba ndani ya maji kidogo, kimwage kwenye kichungi cha chai, yale maji mekundu yapotee kwenye sinki, tia wenyewe tu. Maji yale ndiyo yanayochafua tangi. Na kichungi hicho kiwe cha samaki, kisirudi jikoni, mtu asije akanilaumu mimi.

Halafu usiwashike kwa mkono mtupu kila siku. Ile himoglobini yao huwapa watu wengine mzio: macho yanawasha, pua inatiririka, kwa wengine kifua kinabana. Si hadithi. Huko Sudan, kando ya Nile, kuna mdudu wa ukoo huu aliyejulikana kwa kuwapa watu pumu alipokuwa akizagaa kwa wingi. Ukiona vidole vinavimba baada ya kulisha, acha, mpe mtu mwingine kazi hiyo au ubadili chakula. Wenye pumu, wale waliokaushwa wanaotoa vumbi msiwafungue kabisa.

Hapa nataka nipande juu ya kiti kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wa ziwani kuliko mtu wa Nairobi. Mnaoshuka ufukweni na wavu kuchota chakula cha bure: mnasimama kwenye maji hadi magotini, mnakung'uta mizizi ya gugu maji ndani ya ndoo. Ni kweli mizizi ile imejaa viumbe, samaki wangeshangilia. Lakini ndani yake wamo konokono wadogo bapa, na konokono hao ndio wanaobeba kichocho. Vijidudu hutoka kwao, hasa jua linapowaka, vinaogelea na kupenya ngozi yako ukiwa umesimama hapo unachagua. Huhisi kitu, pengine mwasho tu. Baadaye ni tumbo, damu kwenye choo, ini. Dawa ipo, prazikwanteli, na watoto wetu wengi wameimeza shuleni. Ila unaimeza leo, kesho unarudi majini, kazi bure. Na konokono ukimbeba hadi nyumbani akaingia tangini, sasa kichocho umekileta sebuleni, na wewe ndiye unayetia mkono humo kusugua kioo. Ufukweni sichoti tena. Mtu akinipa zawadi ya viumbe wa ziwani nasema ahsante sana, nawamwaga kwenye jua.

Funza wa chooni na wa mizoga sitawapotezea muda. Anayewapa samaki wake anajua anachofanya. Kuna funza wa nzi askari mweusi wanaofugwa kwa mabaki ya jikoni, hao ni biashara safi, na taasisi ya icipe, ile ya wadudu yenye kituo Mbita, imefanya kazi kubwa kuwahusu. Wana mafuta mengi. Kwa kuku na kwa ngege wa bwawani ni chakula kizuri, kwa samaki mdogo wa tangini ni kama mandazi, moja moja. Viluwiluwi vya mbu? Hakuna chakula kitamu kwa samaki aina ya beta na gapi kushinda hicho. Lakini hapa ni Kisumu, ndugu zangu. Ukiwakuta kwenye pipa lako, wachote wote leo hii na ulifunike pipa. Ukisema unawafuga, siku saba au kumi tu wanatosha kuota mabawa, na majirani watakuja kuniuliza mimi.

Sasa nije kwa nyungunyungu, ambaye ningekuwa na uwezo ningemjengea sanamu. Anapatikana, ni wa bure, samaki wote wakubwa wanampenda. Ukitaka kujua yule samaki wako mkubwa aina ya Oska anakupenda kiasi gani, mwonyeshe nyungunyungu kupitia kioo. Lakini yeye naye ana kwao. Usimchimbe kando ya barabara wala karibu na gereji, wala kwenye shamba la mpunga au la miwa lililopuliziwa dawa, wala kwenye bustani ya hoteli yenye nyasi nzuri kupita kiasi. Nyasi nzuri hivyo zina dawa. Wala usimwage maji ya sabuni ardhini kumtoa, kama nilivyoona vijana wa ndoano wakifanya. Sabuni inabaki kwenye ngozi yake, na ngozi ndiyo anayopumulia.

Njia yangu ni ya uvivu. Chini ya mgomba, pale yanapomwagika maji ya kuoshea sukuma, natandaza gunia la zamani. Chini ya gunia natupa maganda ya viazi na ya ndizi, majani ya chai, kisha nalilowesha kila jioni. Siku ya nne au ya tano nainua pembe ya gunia polepole: wako hapo, wamelala kama tambi. Nachukua ninaohitaji, gunia linarudi. Wanaotoka hapo siwatii tangini siku hiyo. Nawaweka kwenye ndoo ndogo yenye magazeti yaliyochanwa na kuloweshwa, mahali penye kivuli, mpaka kesho yake au keshokutwa. Udongo wote ulio tumboni unatoka kwenye yale magazeti. Ukimshika dhidi ya mwanga baada ya hapo, utaona ule mstari mweusi uliokuwa katikati umepotea. Namsuuza, kwa Oska anaingia mzima, kwa wadogo namkatakata kwa wembe kwenye kibao.

Kuna mmoja atakayewachanganya: yule mwekundu mwenye mistari, mwembamba, anayeshamiri kwenye mboji na samadi. Wanaofuga minyoo kwa ajili ya mbolea ndiye wanayemtumia. Ukimbana anatoa maji ya manjano yenye harufu kali, na samaki wengi wakimweka mdomoni wanamtema, wanamtazama, wanakutazama na wewe. Si kwamba atawaua pale pale. Ni mchungu tu. Mimi namwacha aendelee na mbolea.

Tangi lenye vifaranga ni hadithi nyingine. Kifaranga wa beta mdomo wake ni kama ncha ya sindano, nyungunyungu umsage vipi hatoshi. Na hapa ndipo jibu la lile swali langu linapokuwa rahisi, kwa sababu mnyoo alilala kwenye kopo lako, juu ya uji ulioupika wewe. Hiki nilichoshika ni kopo la siagi la nusu kilo. Sogeeni walio karibu. Pembeni mwa kopo, juu ya uji, mnaona kama mtu amepaka maziwa na maziwa yanatembea? Huo mng'aro ni minyoo midogo, maelfu, kila mmoja urefu wa milimita moja au mbili. Jina lake la kisayansi ni Panagrellus redivivus. Jike hazai mayai, anazaa watoto hai, ndiyo maana kijiko kimoja kinajaza kopo kabla ya juma kwisha.

Mapishi yake ni haya. Pika uji mzito wa oti, au wa unga wa mahindi kama oti imekushinda bei, mzito kiasi kwamba mwiko unasimama. Bila sukari, bila chumvi, bila maziwa. Uache upoe kabisa. Nimewahi kuharakisha, nikawachemsha wote, nikabaki na uji. Tandaza kwenye kopo unene wa kidole. Nyunyiza hamira, kiasi unachoweza kukishika kwa ncha za vidole viwili. Weka kijiko kimoja cha mbegu kutoka kopo la zamani, usikoroge. Mfuniko utoboe matundu machache na uyazibe kwa pamba, hewa iingie na nzi wabaki nje. Kopo likae ndani ya sahani yenye maji, maana siafu na sisimizi wa Kisumu hawana adabu. Siku ya tatu au ya nne wanaanza kupanda ukutani. Hapo unapitisha kidole, au kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, unakikoroga ndani ya kikombe cha maji ya tangi na kumimina. Hakuna uji unaoingia majini, ni wale tu waliopanda wenyewe.

Vuna juma mbili, pengine tatu. Uji ukiwa maji maji na harufu ikahama kutoka ile ya chachu kwenda ile ya miguu iliyokaa kwenye buti, anzisha kopo jingine. Mimi huwa na matatu daima, moja likizaa, moja likikua, moja la akiba juu ya kabati ambalo mume wangu ameahidi kutoligusa. Wakifika tangini huzama chini na kuishi saa kadhaa, kwa hiyo kifaranga anayekaa juu juu huenda asiwafikie. Tia minyoo kidogo kidogo mara tatu nne kwa siku.

Yule mweupe mkubwa kidogo mnayesoma habari zake, wa nchi za baridi, usihangaike naye. Anataka nyuzi joto zisizopita 20, na mchana hapa kwetu unakaribia 30. Yuko mdogo wake, mnyoo wa Grindal, huyo anavumilia joto letu. Anakaa kwenye makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowa. Unamwekea tembe mbili tatu za chakula cha paka, unafunika kwa kipande cha kioo, asubuhi unakigeuza kioo na wamejaa chini yake. Hana urefu wa kuzidi sentimita moja. Kwa gapi wakubwa na beta anatosha kabisa.

Dada aliyeinua mkono ameniuliza kama hii yote ina maana samaki wale minyoo kila siku. Hapana. Mnyoo ana mafuta na protini nyingi, mpe mara mbili au tatu kwa juma, na kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili tatu. Tena tazama mdomo na utumbo wa samaki wako. Sisi wa ziwa hili tungepaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote, kwa sababu fulu wetu, wale samaki wadogo wa ziwani, kabla mbuta, yaani sangara, hajawafagia, walikuwa mamia ya aina, na kila aina na mlo wake: huyu alivunja konokono, huyu alikwangua ukoga kwenye mawe, yule alifukua watoto wa wadudu topeni, mwingine aliiba vifaranga mdomoni mwa mama. Kuna fulu waliopotea ziwani ambao leo wanaishi kwenye matangi ya watu Ulaya na Marekani tu. Sasa mtu ananunua mbuna wa Ziwa Malawi, mkwangua ukoga, utumbo mrefu kama wa mbuzi, anamjaza minyoo ya damu kwa sababu anaonekana kuifurahia. Tumbo linavimba, anaacha kula, anakaa chini akihema, juma moja amekwisha. Samaki wa dhahabu naye akizidishiwa hufunga choo na kuelea kichwa chini. Hao wape mchicha uliochovywa kwenye maji moto, mnyoo uwe wa sikukuu.

Na mzee ameniuliza kuhusu minyoo myekundu inayochungulia kwenye tundu la nyuma la gapi wake. Mzee, hiyo si ya kulisha. Hiyo ndiyo inayomla yeye. Ni kimelea, mara nyingi kinaingia na samaki mpya au na vidudu vidogo vya maji vilivyochotwa bwawani. Mtenge leo, na uzungumze na daktari wa mifugo kabla hujanunua dawa ya ng'ombe na kukisia kipimo.

Mvua imefika Nyalenda, naiona. Mikono muioshe kwa sabuni, wote mlioshika ile sahani, na mwenye kidonda asitie mkono tangini mpaka kipone, kwa sababu kuna kifua kikuu cha samaki kinachoingia kwenye ngozi na kukaa miezi. Makopo yaliyo juu ya meza ni ya kuondoka nayo, yako kumi na mawili, na uji umewekwa juzi. Ukifika nyumbani usilifungue mpaka Jumanne. Mama wa leso ya kijani, wewe nimekuwekea lile la pembeni, sahani umeishika muda mrefu.